Mashine Inapochoma Mbao, Usimkemee Kijana



Leo nataka kuzungumza nanyi habari za msumeno wa mezani, yaani ile mashine ya kupasulia mbao ambayo, tangu umeme ulipoanza kufika vijijini, imeonekana katika karakana nyingi za parokia na za mafundi wetu. Mashine hii hulisha watoto wengi. Nayo yaweza kumwondolea baba vidole vyake kabla hajapata nafasi ya kusema "Yesu!" Lakini sababu yenyewe ya kuandika ni kosa langu mimi, na afadhali nilitaje kwanza.

Mimi ni karani wa parokia, na daftari za karakana ziko mikononi mwangu. Tulipokuwa tukitengeneza madawati 40 ya shule ya msingi, mbao za paina zilianza kutoka mashineni na ubavu mweusi, kama zilizopitishwa motoni. Aliyekuwa akipasua ni kijana mmoja anayejifunza useremala kwetu. Nilimwita, nikamkemea mbele ya wenzake kwamba analegea, anasukuma mbao kama mtu anayesinzia. Tena nikamkata Sh 45,000 katika posho yake, ndiyo bei ya mbao 5 zilizoharibika. Kijana hakubishana. Alisema neno moja tu: "Karani, mashine inaibana mbao." Nikamjibu, nami nilijiona mwerevu, ya kwamba mashine haina mikono.

Siku ya tatu mbao ikarudi nyuma. Ilitoka mezani kama mshale, ikapita ubavuni pa kijana yule kwa kiasi cha shibiri moja, ikaenda kutoboa mlango wa mabanzi. Kazi ikasimama. Tukamwita fundi mzee wa kijiji cha pili. Mzee hakuuliza ni nani mzembe. Aliomba futikamba, akapima mahali pawili, akacheka kidogo, akaniita nisogee nione. Kile chuma ambacho mbao huegemea kilikuwa kimekaa upande: mbele kilikuwa mbali na msumeno, na nyuma kilikuwa kimeukaribia kwa milimita 3 nzima. Mbao ikiingia hupata nafasi, ikifika nyuma haina pa kupita. Kumbe mashine ilikuwa na mikono kweli.

Haya nitakayoeleza nimeyapata kwa mzee yule, na mengine kwa kusoma baadaye, maana niliona aibu kukata posho ya mtu kwa jambo nisilolijua.

Tuelewane majina

Msumeno ni lile duara la chuma lenye meno, linalochomoza katikati ya meza. Chuma kirefu kilicho kando yake, ambacho mbao huegemea wakati wa kupasuliwa kwa urefu, nitakiita kiegemeo. Kile kibao kinachotelezeshwa katika mfereji wa meza, cha kukatia mbao kwa upana, nitakiita kitelezi. Na lile bamba dogo la chuma lisimamalo nyuma ya msumeno, kama mapezi ya samaki, ni kabari. Wengi hawaijui kabari kwa kuwa mashine yao haina, na hilo nalo tutalifikia.

Fikiri pia juu ya mwendo. Msumeno wa inchi 10 ukizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila jino hupita kiasi cha mita 40 kwa nukta moja. Ni mwendo wa kilomita 140 hivi kwa saa, kupita basi lolote linaloruhusiwa kukimbia barabarani. Kwa hiyo usipime, usiguse, wala usiinamie kutazama kitu chochote kabla hujachomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu mtoto aweza kuiwasha, au fundi mwenzako aliyeingia kutafuta misumari. Mzee yule alipochomoa plagi aliiweka juu ya meza mbele ya macho yake, ndipo akaanza kazi.

Moshi na alama nyeusi

Mbao ikitoa moshi na kuwa nyeusi ubavuni, watu wengi husema, "Msumeno umekuwa butu," wakaupeleka kunolewa. Mara nyingi ni kweli. Lakini wewe anza na kiegemeo, maana kukipima ni bure, na kunoa ni fedha.

Upimaji wake ni huu. Chagua jino moja la msumeno, ulitie alama ya chaki. Lizungushe kwa mkono mpaka liwe mbele, usawa wa meza, upime kutoka jino hilo hadi kiegemeo. Kisha uzungushe msumeno mpaka jino lile lile liwe nyuma, upime tena. Nasema jino lile lile kwa makusudi. Ukipima kwa jino hili mbele na jino jingine nyuma, huenda moja limepinda, au duara lenyewe limejikunja kidogo, nawe utadanganyika. Vipimo viwili yafaa viwe sawa. Mafundi wengine huacha nyuma pawe wazi zaidi kwa unene wa karatasi au mbili, na hilo halidhuru. Lisilokubalika ni nyuma kubana kuliko mbele.

Ikiwa kiegemeo kimenyooka na bado mbao yaungua, huenda msumeno wenyewe haukukaa sawa na meza. Pima kwa jino lile lile kutoka ukingo wa mfereji wa kitelezi, mbele na nyuma. Vikitofautiana, legeza kidogo boliti zinazoshika meza, au zile zinazoshika mhimili chini yake, kwa kadiri mashine yako ilivyoundwa. Gonga polepole kwa nyundo ya mti, pima, kaza, pima tena. Kazi hii huchosha, kwa sababu ukikaza boliti ya mwisho yote husogea tena. Sisi ilituchukua mchana mzima, tangu saa 8 mpaka kengele ya Malaika wa Bwana ya jioni.

Baada ya hayo ndipo utazame meno. Paina ina utomvu, nao hugandamana ubavuni mwa meno kama gundi ya kahawia. Msumeno wenye utomvu hujifanya butu ingawa makali yapo. Ufungue, uulowe katika maji ya moto yenye sabuni ya unga, uusugue kwa mswaki mkuukuu, uukaushe vizuri na kuupaka mafuta kidogo usishike kutu. Sisi tuliukuta msumeno uliotaka kutupwa ukapona kwa sabuni tu. Wakati wa kuusugua, chunguza chini ya meno, pale penye mabonde. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, msumeno huo usirudi mashineni, wala usiuzwe kwa mwingine.

Tena hesabu meno. Msumeno wa inchi 10 wa kupasulia kwa urefu huwa na meno kama 24, makubwa, yenye mabonde mapana ya kutolea unga wa mbao. Wa kukatia kwa upana huwa na meno 60 au 80. Ukiupasulia mbao nene ule wa meno 80, unga hukosa njia ya kutoka, mbao huungua, na mota hulia. Fundi mwenye msumeno mmoja kwa kazi zote afadhali anunue wa meno 40, akijua kwamba si bora kwa kazi yoyote miongoni mwa hizo.

Jambo la kuchekesha, lakini limetokea: msumeno uliofungwa kinyume. Ukisimama mahali pa fundi, meno ya mbele yapasa kukutazama na kushuka kuelekea meza. Ukikuta yanapanda, umeufunga kinyume, au kama mota ni ya umeme wa fezi tatu, nyaya mbili zimebadilishana na mota yazunguka nyuma. Hilo la nyaya ni kazi ya fundi umeme.

Mbao inayorudi

Sasa nifike kwenye hatari yenyewe. Meno ya mbele yanashuka, kwa hiyo huikandamiza mbao mezani. Meno ya nyuma yanapanda. Mbao ikibanwa na kuyagusa yale ya nyuma, huinuliwa na kurushwa kwa mwendo ule ule niliowatajia, moja kwa moja kwa aliyesimama mbele. Na mkono uliokuwa ukiishika mbao hiyo huvutwa kuelekea msumeno. Ndivyo vidole vinavyokwenda. Wengi hudhani mtu alikatwa kwa kutelezesha mkono. Mara nyingi mbao ndiyo iliyompeleka.

Mbao hubanwa na kiegemeo kisichonyooka, kama kwetu. Lakini hubanwa pia na nafsi yake. Mti ukiwa umesimama huwa na mvutano ndani, na mkaratusi ni mashuhuri kwa tabia hiyo. Ukiupasua, sehemu mbili zaweza kufunguka kama mkasi, au kujifunga na kuubana msumeno kwa nyuma. Mbao mbichi hufanya hivyo zaidi. Hapa kupima kwako kote hakufai kitu. Kinachofaa ni kabari. Bamba hilo husimama nyuma ya msumeno likizuia sehemu mbili za mbao zisikutane. Liwe nene kupita bamba la msumeno lenyewe, lakini jembamba kuliko njia ambayo meno yanakata, na nafasi kati yake na meno isizidi milimita 8 usawa wa meza.

Mafundi wetu wa kuchomelea huunda meza nzuri za chuma, imara, zenye kustahili sifa. Hata hivyo nyingi nilizoziona hazina kabari wala kifuniko juu ya msumeno. Na penye mashine ya kiwandani, mara nyingi kabari ilitolewa zamani "kwa sababu inazuia kazi", ikatumika kama kisu cha kukwangua rangi. Yetu tuliikuta juu ya dirisha, imeshika kutu. Kama mashine yako haina, mpelekee mchomeleaji kipimo cha msumeno akuundie. Ni kipande cha chuma kisichozidi kiganja cha mkono.

Kisha jizoeze kusimama kando, usisimame katika mstari wa msumeno. Usipasue mbao kwa mikono mitupu bila kiegemeo au kitelezi, hata kama ni kipande kidogo na wateja wangoja. Na usitumie kitelezi pamoja na kiegemeo kwa mara moja, maana kipande kinachokatika hunaswa katikati kikaruka. Msumeno uuinue kiasi tu cha kupita mbao, meno yachomoze juu yake milimita 5 au 6.

Mikono isikaribie msumeno chini ya sentimita 30. Hapo tumia kijiti cha kusukumia, chenye urefu wa sentimita 45 na pengo mwishoni la kukamatia mbao. Kijiti hiki hutengenezwa kwa mabaki katika dakika 10. Huko Marekani, mwaka 1999, Stephen Gass alibuni mashine inayousimamisha msumeno kabla jicho halijapepesa, mara unapogusa ngozi ya mtu. Zikaanza kuuzwa mwaka 2004. Ni ghali sana, nami kijijini sijaiona hata moja. Kwetu kinachookoa kidole ni kijiti, nacho kikatwe na msumeno badala yako.

Mawe ndani ya mti

Hapa niruhusuni kutoka njiani kidogo. Siku moja msumeno mpya, umenolewa vizuri, ulipoteza meno matatu katika mbao ya mvule, na kijana (si yule, mwingine) aliapa kwamba hakukuwa na msumari. Safari hii nilinyamaza kwanza. Tulipoipasua mbao kwa shoka tukakuta jiwe jeupe, gumu, kubwa kama punje ya hindi. Mvule hufanya hivyo: hukusanya chokaa ndani yake, mara nyingi pale ulipopata jeraha zamani, hata ikawa jiwe kweli. Msaji nao una chembechembe kama za mchanga ndani ya nyuzi zake, ndiyo maana hula makali upesi. Kwa hiyo bei ya kupasua msaji au mvule isiwe sawa na ya paina, maana kunoa nako kuna gharama. Nimelibadilisha hilo katika karatasi yetu ya bei, na wateja wamelalamika, lakini wamelipa.

Mkato usio sawa

Ukingo wa mbao usiposimama wima, dawati litayumba. Weka guni, ambalo wengine huliita skwea, juu ya meza, uligusishe na bamba la msumeno, wala si na meno, kwa kuwa meno yamekunjwa huku na huku. Ukiona mwanga katikati, rekebisha mwinamo wa msumeno.

Kitelezi kipime hivi: chukua kipande chenye kingo zilizonyooka, ukikate katikati. Kisha pindua nusu moja, chini iwe juu, uziunganishe tena nusu hizo mbili zikiegemea ubao ulionyooka. Zikikutana bila nafasi, kitelezi ni sawa. Zikiachana, kosa lako ni nusu ya pengo unaloliona. Nilipoonyeshwa jambo hili nilikumbuka hesabu za chuo cha ualimu, na jinsi tulivyozikariri bila kujua zinafaa nini.

Mkato wenye mawimbi hutokana na msumeno unaoyumba. Ufungue, utazame zile washa mbili kubwa zinazoubana. Chembe ya unga wa mbao iliyonaswa hapo yatosha kuuyumbisha. Zifute, ufunge tena. Ukiendelea kuyumba, shika mhimili uutikise; ukicheza, beringi zimekwisha.

Mota na mkanda

Mkanda uliolegea hupiga kelele wakati wa kuwasha na kuteleza mbao inapokuwa nene. Ubonyeze kwa kidole katikati: uingie kama sentimita moja, si zaidi. Mota inayonguruma bila kuzunguka, mara nyingi kapasita yake imekufa. Zima mara moja isije ikaungua, ukamwite fundi umeme, kwa maana kapasita huweza kukupiga hata plagi ikiwa imechomolewa. Na mota inayopata moto na kukosa nguvu, tazama waya. Waya mwembamba wa taa, uliovutwa mita 50 kutoka nyumba ya jirani, hauwezi kulisha mota. Umeme hupungua njiani, na hapo mashine haina kosa lolote.

Vumbi

Mwaka 1995 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba vumbi la mbao huleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Basi kufunga kitambaa puani si uoga wala maringo. Barakoa nzuri ni bora kuliko kitambaa. Watoto wasilale wala kucheza katika rundo la unga, na unga usiachwe kuizunguka mota, kwa kuwa hushika moto.

Papa Pio XII aliiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi mwaka 1955, tarehe 1 Mei. Sisi tumeifanya siku hiyo kuwa ya mashine: baada ya Misa hufunguliwa yote, husafishwa, hupimwa, nasi hunywa chai karakanani. Lakini kiegemeo hakingoji Mei. Hicho hupimwa kila asubuhi, na anayekipima ni kijana yule, kwa chaki na futikamba.

Fedha yake Sh 45,000 nilimrudishia Jumamosi ile ile, mbele ya wale wale waliosikia nikimkemea. Alizihesabu, akasema, "Asante, karani," akarudi kazini. Mbao 5 zilizoungua hatukuzitupa. Tulizipiga randa, tukatengeneza rafu ya vitabu vya nyimbo. Ukija kanisani kwetu utaiona upande wa kushoto wa mlango, na ukiinama chini ya ubao wa pili bado utaona weusi kidogo ambao randa haikuufikia.